Msaada wa kompyuta kwa mbali

Msaada wa kompyuta kwa mbali ni njia ya kumsaidia mtumiaji wa kompyuta bila kufika mahali alipo. Msaidizi huiona skrini ya mwenzake kupitia mtandao, na akiruhusiwa huendesha kipanya na kibodi kana kwamba ameketi mbele ya mashine hiyo. Kazi hiyo hufanywa na programu maalumu zinazowasiliana kutoka pande zote mbili.

Njia hii hutumiwa na mafundi wa kompyuta, walimu, ofisi zenye matawi mengi na pia watu wa familia moja wanaoishi mbalimbali. Mtu aliye Muscat au London anaweza kumtatulia mzazi wake aliye Tanga tatizo la kompyuta bila kusafiri. Hata hivyo, programu nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri pale tu ambapo intaneti ni ya kasi. Mahali ambapo intaneti ni ya polepole, hukatika mara kwa mara au hulipiwa kwa vifurushi vidogo, programu inayosifiwa sana inaweza kushindwa na nyingine isiyo maarufu ikafaulu. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa programu hutegemea kwanza hali ya mtandao upande wa anayesaidiwa, kisha usalama wake, na baada ya hapo sifa nyingine.

== Historia ==

Tarehe 9 Desemba 1968 mhandisi Douglas Engelbart alionyesha mjini San Francisco, Marekani, kompyuta iliyokuwa Menlo Park, umbali wa kilomita 48 hivi. Katika maonyesho hayo yeye na mwenzake aliyebaki Menlo Park waliona maandishi yaleyale kwenye skrini zao na kuyashughulikia pamoja. Huo ni miongoni mwa mifano ya kwanza ya watu wawili kutumia skrini moja kutoka mahali tofauti.

Mwaka 1984 chuo cha MIT kilianza kutengeneza mfumo wa X Window, ambao uliruhusu programu kuendeshwa kwenye kompyuta moja na kuonekana kwenye nyingine. Mfumo huo ulifaa ndani ya jengo au chuo kimoja. Kwenye umbali mkubwa ulikuwa mzito, kwa kuwa programu ilituma maombi mengi madogo na kusubiri majibu yake.

Katika miaka ya 1980 zilitokea pia programu za kompyuta binafsi kama pcAnywhere na Carbon Copy, zilizotumia modemu na laini ya simu ya kawaida. Modemu nyingi za wakati huo zilipitisha biti 1,200 au 2,400 tu kwa sekunde. Kazi iliwezekana kwa sababu skrini ilikuwa na maandishi matupu: mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja ni herufi 2,000, yaani biti 16,000. Skrini nzima ilipita kwa sekunde 7 hivi kwa modemu ya biti 2,400. Picha na madirisha ya rangi vilipoenea, mzigo uliongezeka mara mia nyingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, walitengeneza VNC, mfumo unaotuma picha ya skrini yenyewe bila kujali aina ya kompyuta. Mwaka 1998 Microsoft nayo ilitoa itifaki ya RDP pamoja na toleo la Windows NT 4.0 lililokusudiwa watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Kampuni ya TeamViewer ilianzishwa Ujerumani mwaka 2005. Google ilitoa Chrome Remote Desktop kwa majaribio mwaka 2011, na AnyDesk ilianzishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2014. Katika miaka ya 2020 imeenea RustDesk, ambayo ni programu huria.

Katika Afrika ya Mashariki msaada wa aina hii ulikuwa mgumu kabla ya kufika kwa kebo za baharini, kwa kuwa mawasiliano mengi ya intaneti na nchi za nje yalipitia satelaiti. Kebo za SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Kebo hizo zilipunguza ucheleweshaji na kuongeza kasi, lakini tofauti kati ya miji mikubwa na vijiji bado ni kubwa.

== Jinsi inavyofanya kazi ==

Skrini ni mkusanyiko wa nukta ndogo za rangi zinazoitwa pikseli. Skrini ya kawaida ya kompyuta ndogo yenye pikseli 1,366 kwa 768 ina pikseli 1,049,088. Kila pikseli ikielezwa kwa biti 24, picha moja ya skrini hiyo ina megabiti 25 hivi. Ikitumwa jinsi ilivyo kwenye mtandao wa kilobiti 256 kwa sekunde, ingechukua sekunde 98, yaani zaidi ya dakika moja na nusu.

Hakuna programu inayotuma picha jinsi ilivyo. Kila moja hupunguza mzigo kwa mbinu kadhaa:

* '''Kutuma mabadiliko tu.''' Mtu anapoandika barua, sehemu kubwa ya skrini haibadiliki. Programu hutuma kisehemu kile kilichobadilika.
* '''Kubana data.''' Eneo lote jeupe linaweza kuelezwa kwa maneno machache: mstatili huu ni mweupe. Picha zenye rangi nyingi hubanwa kwa kupoteza ubora kidogo, kama ilivyo kwa picha za JPEG.
* '''Kupunguza rangi.''' Biti 8 kwa pikseli badala ya 24 hupunguza mzigo wa mwanzo hadi theluthi moja. Rangi huonekana mbaya lakini maandishi husomeka.
* '''Kutuma maagizo ya kuchora.''' Badala ya kutuma picha ya kitufe, programu hutuma agizo la kukichora. RDP ilijengwa juu ya wazo hili, na pia huhifadhi upande wa msaidizi vipande vya picha vilivyokwisha kutumwa ili visitumwe tena.
* '''Kodeki za video.''' Programu mpya huichukulia skrini kama filamu na kuibana kwa kodeki kama VP8, VP9 au H.264.

Kipanya na kibodi hazina mzigo mkubwa. Kila mbofyo ni baiti chache tu. Kwa hiyo karibu mzigo wote huenda upande mmoja: kutoka kwa anayesaidiwa kwenda kwa msaidizi.

== Maana ya intaneti ya polepole ==

Neno "polepole" huficha matatizo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

=== Kasi ndogo ya kutuma ===

Huduma nyingi za intaneti, hasa za simu za mkononi, hutoa kasi kubwa ya kupokea (kupakua) na kasi ndogo ya kutuma (kupakia). Mtu anaweza kutazama video bila shida kwa sababu video inapokelewa. Akisaidiwa kwa mbali, kompyuta yake ndiyo inayotuma picha. Hivyo kasi ya kupakia ya anayesaidiwa ndiyo inayoamua. Msaidizi mwenye intaneti bora hawezi kuiongeza kwa kununua huduma ya kasi zaidi upande wake. Kipimo cha kasi kinapaswa kufanywa mahali alipo anayesaidiwa, saa ileile ambayo kazi itafanyika, na namba ya kuangalia ni ile ya kupakia.

=== Ucheleweshaji ===

Ucheleweshaji ni muda ambao ujumbe hutumia kwenda na jibu kurudi. Satelaiti ya mawasiliano inayokaa juu ya ikweta iko kimo cha kilomita 35,786. Mawimbi hutumia robo ya sekunde hivi kupanda na kushuka, na hivyo swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde kabla ya kuhesabu vikwazo vingine. Kwenye hali hiyo msaidizi hubofya, haoni kitu, hubofya tena, na matokeo yake menyu hufunguka na kufungika. Satelaiti zinazozunguka karibu na dunia, kimo cha kilomita mia kadhaa, zina ucheleweshaji mdogo zaidi.

Ucheleweshaji huweza kuletwa pia na njia ambayo data hupita. Katika nyuzi za kioo mwanga husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Watu wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Mbeya, wakiunganishwa na seva iliyo Ulaya kwa njia ya kebo ya kilomita 10,000, kila ujumbe husafiri kilomita 20,000 ili kumfikia mtu wa nchi hiyohiyo. Kwenda na kurudi ni sekunde 0.2, hata kama kasi ya intaneti ni kubwa kiasi gani.

=== Kukatika ===

Mtandao wa simu hupanda na kushuka kufuatana na mnara, hali ya hewa na wingi wa watumiaji. Programu nzuri kwa mazingira haya ni ile inayojiunganisha yenyewe bila kudai namba mpya ya siri kila mara. Programu inayomlazimu mzee asome namba ndefu upya baada ya kila dakika tano humchosha, na mara nyingi kazi huachwa njiani.

== Programu zinazotumika ==

=== VNC na jamaa zake ===

VNC hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Itifaki yake, iitwayo RFB, iliandikwa rasmi katika hati ya RFC 6143 mwaka 2011. Katika itifaki hiyo upande wa msaidizi ndio unaoomba picha mpya. Njia ikiwa nyembamba, hatua za katikati huachwa na msaidizi huona hali ya mwisho tu, jambo ambalo husaidia kwenye kasi ndogo. Ubaya wake ni kwamba kila ombi husubiri safari ya kwenda na kurudi, hivyo penye ucheleweshaji mkubwa picha huja kwa kusitasita.

TightVNC ilitengenezwa kwa kuzingatia mitandao ya polepole. Msaidizi huweza kuchagua kiwango cha kubana data, ubora wa picha za JPEG na idadi ya rangi, na mipangilio hiyo hufanyika upande wake bila kumsumbua anayesaidiwa. TigerVNC na UltraVNC ni matoleo mengine ya familia hii.

VNC ya kawaida ina kasoro mbili. Kwanza, haina seva ya kati, hivyo ni vigumu kuifikia kompyuta iliyo nyuma ya ruta au mtandao wa simu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, na kompyuta ya mteja mmoja haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Dawa mojawapo ni kuunganisha kinyume: msaidizi huacha programu yake ikisubiri kwenye anwani inayofikika, na kompyuta ya anayesaidiwa ndiyo inayoanza kuita. Pili, nywila ya VNC ya kawaida huishia kwenye herufi 8 na picha hupita bila usimbaji fiche. Inafaa ipitishwe ndani ya SSH au VPN.

=== RDP ===

RDP ni nyepesi, na kwa mtu anayetaka kutumia kompyuta yake ya ofisini akiwa nyumbani ni chaguo zuri. Programu ya kuunganisha ina sehemu ya kuchagua kasi ya mtandao, ikiwa ni pamoja na modemu ya kilobiti 56, na huzima mapambo ya skrini kufuatana na chaguo hilo.

Kwa kumsaidia mtu, hata hivyo, RDP ina dosari. Kwenye Windows ya kawaida msaidizi anapoingia, skrini ya mwenye kompyuta hufungwa. Anayesaidiwa haoni kinachofanyika, hajifunzi, wala hawezi kuzuia jambo asilolitaka. Zaidi ya hayo matoleo ya Windows Home hayakubali kuingiliwa kwa RDP.

=== Quick Assist ===

Quick Assist ni ya Microsoft na hupatikana kwenye Windows 10 na 11. Msaidizi huhitaji akaunti ya Microsoft, lakini anayesaidiwa haihitaji; huandika tu msimbo mfupi anaotajiwa kwa simu, kisha hukubali. Faida yake ni kwamba mara nyingi imo tayari ndani ya kompyuta, hivyo hakuna kupakua kitu kwa kifurushi kidogo. Haifai kwa Linux.

=== TeamViewer na AnyDesk ===

Programu hizi mbili hutumia seva za kati za kampuni husika. Kila kompyuta hupewa namba, na anayesaidiwa humsomea msaidizi namba hiyo. Ruta na mitandao ya simu huvukwa bila utaalamu. Zote mbili zinaweza kuwekwa kwenye hali ya kutanguliza kasi kuliko ubora.

AnyDesk ina faili dogo la megabaiti chache na huweza kuendeshwa bila kusakinishwa. Kodeki yake, DeskRT, ilibuniwa kwa ajili ya skrini za kompyuta, ambazo zina maeneo makubwa yasiyobadilika. TeamViewer ina toleo dogo liitwalo QuickSupport kwa anayesaidiwa, lisilohitaji kusakinishwa. TeamViewer hutolewa bure kwa matumizi binafsi. Biashara na ofisi hutakiwa kununua leseni. Fundi anayelipwa na wateja akitumia toleo la bure anaweza kukatiwa katikati ya kazi.

=== Chrome Remote Desktop ===

Hii hutolewa bure na Google. Anayesaidiwa hupata msimbo wa tarakimu 12 unaotumika mara moja na kumtajia msaidizi. Wakati wa msaada, programu humuuliza mwenye kompyuta kila baada ya dakika 30 kama anataka kuendelea. Ina mipangilio michache ya kupunguza mzigo, hivyo msaidizi hana nafasi kubwa ya kurekebisha mambo kasi inaposhuka.

=== RustDesk na MeshCentral ===

Hizi ni programu huria. Taasisi yenye fundi inaweza kuweka seva yake ya kati ndani ya nchi, na kwa njia hiyo kuepuka safari ya data kwenda ng'ambo na kurudi. Faida hiyo huonekana zaidi kebo za baharini zinapoharibika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki, ikiwemo Tanzania. Wakati kama huo seva iliyo ndani ya nchi inaweza kuendelea kufikika. Gharama yake ni kwamba seva huhitaji mtu wa kuitunza na kuisasisha.

== Kuchagua kufuatana na hali ==

Hakuna programu moja inayofaa kila mahali. Maswali yafuatayo husaidia kupunguza orodha:

# '''Je, anayesaidiwa ataweza kuianzisha peke yake?''' Programu nyepesi isiyoweza kufunguliwa na mhusika haina msaada. Kwa mtu asiyezoea kompyuta, ile iliyomo tayari au inayofunguka kwa mbofyo mmoja ndiyo bora.
# '''Kasi ya kupakia ni kiasi gani?''' Ikizidi megabiti 1 kwa sekunde, karibu programu zote hufanya kazi. Ikishuka chini ya hapo, programu yenye mipangilio ya kupunguza rangi na ubora hupewa nafasi ya kwanza. Ikiwa ni makumi machache ya kilobiti, inafaa kufikiria njia zisizotumia skrini.
# '''Kuna ucheleweshaji mkubwa?''' Kama upo, inafaa kutafuta programu inayounganisha pande mbili moja kwa moja au yenye seva ya karibu.
# '''Kifurushi kinatosha?''' Kikao cha nusu saa kinachotumia wastani wa kilobiti 150 kwa sekunde humaliza megabaiti 34 hivi. Kikitumia megabiti 1 kwa sekunde humaliza megabaiti 225. Kwa anayenunua kifurushi cha siku, tofauti hiyo ni kati ya kumaliza kazi na kuishia katikati.
# '''Ni kompyuta au simu?''' Baadhi ya simu za Android zinaweza kuendeshwa kwa mbali. Kwenye iPhone programu nyingi za aina hii humruhusu msaidizi kuona skrini tu, si kuigusa.

Ni busara kusakinisha na kujaribu programu mbili mapema, wakati msaidizi yupo nyumbani au ofisini kwa mhusika. Kumwelekeza mtu kupakua programu siku ambayo kompyuta imeharibika ni kazi ngumu kuliko tatizo lenyewe.

== Kupunguza mzigo ==

Mara nyingi mipangilio huleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha programu. Hatua zinazojulikana ni hizi:

* Kuondoa picha ya usuli na kuweka rangi moja.
* Kuzima vivuli, uwazi wa madirisha na michoro inayosogea.
* Kupunguza idadi ya pikseli za skrini, kwa mfano kutoka 1,920 kwa 1,080 hadi 1,280 kwa 720. Mzigo wa mwanzo hupungua kwa zaidi ya nusu.
* Kufunga kurasa zenye video au matangazo yanayochezacheza, kwa kuwa hulazimisha programu kutuma mabadiliko bila kukoma.
* Kusimamisha kwa muda masasisho ya Windows na huduma zinazopakia picha na mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni. Huduma hizo hugombania njia ileile ya kupakia.
* Kuzima sauti ndani ya programu na kuzungumza kwa simu ya kawaida.

Kuhusu hatua ya mwisho kuna tahadhari. Kama kompyuta inapata intaneti kupitia simu ya mkononi, kupiga simu kwa laini hiyohiyo kunaweza kukata data, hasa kwenye mtandao wa 2G. Ni afadhali itumike simu nyingine.

Msaidizi naye hurekebisha mwendo wake. Hubofya mara moja na kusubiri, hutumia kibodi badala ya kuburuta kwa kipanya, na hupanda na kushuka ukurasa kwa vituo badala ya mfululizo.

== Njia zisizotumia skrini ==

Penye mtandao dhaifu kabisa, kuona skrini ya mwenzako mubashara huenda kusiwezekane. Hapo hutumika njia nyingine.

Njia ya kwanza ni picha ya skrini. Picha moja ya kilobaiti 200 hupita kwenye kasi ya kilobiti 128 kwa muda wa sekunde 13 hivi. Anayesaidiwa hutuma picha, msaidizi huchora alama pa kubofya na kuirudisha, huku wakizungumza kwa simu. Matatizo mengi madogo, kama printa isiyochapa au mipangilio ya barua pepe, hutatuliwa kwa picha tatu au nne.

Njia ya pili ni maagizo ya maandishi. SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995, hupitisha maandishi tu yaliyosimbwa, hivyo hutosheka na njia nyembamba sana. Mosh, iliyotolewa mwaka 2012 na watafiti wa MIT, huvumilia kukatika kwa mtandao na huonyesha herufi zinazoandikwa kabla ya jibu kurudi. Njia hii hutumika zaidi kwenye Linux na seva, na hudai ujuzi.

Njia ya tatu ni maelezo ya mdomo. Huenda polepole, lakini anayesaidiwa hufanya kazi kwa mkono wake mwenyewe na mara nyingi hukumbuka hatua hizo siku nyingine.

== Usalama ==

Kumruhusu mtu kuendesha kompyuta ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa nyumba. Anaweza kufungua mafaili, kusoma barua na, kama akaunti ya benki iko wazi, kuhamisha fedha. Programu zilizotajwa hapo juu ni halali, na kwa hiyo programu za kupambana na virusi huenda zisitoe onyo lolote zinapotumiwa na mwizi.

Utapeli wa kawaida huanza kwa simu au dirisha la onyo kwenye skrini. Mtu hujitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki, wa kampuni ya simu au wa Microsoft, husema kuna hatari, kisha humwomba mhusika afungue programu na kumsomea namba. Microsoft imeeleza kwamba maonyo yake halisi hayana namba za simu. Mwezi Mei 2024 kampuni hiyo ilitoa taarifa kuhusu wahalifu waliotumia Quick Assist kwa njia hiyo kuingiza programu za kudai fidia.

Watumiaji wa programu hizi hushauriwa mambo yafuatayo:

* Mwenye tatizo ndiye anayeanza kumtafuta msaidizi. Anayepiga simu bila kuombwa asipewe namba, hata kama anataja jina la mhusika au la benki yake.
* Anayesaidiwa abaki mbele ya skrini mpaka mwisho. Skrini ikigeuka nyeusi ghafla, akate intaneti.
* Kurasa za benki na za fedha za simu zifungwe kabla ya kuanza, na namba za siri zisisomwe kwa mtu yeyote.
* Ruhusa ya kuingia bila mwenyewe kuwepo itolewe kwa mtu anayeaminika tu, kwa nywila ndefu, na ifutwe haja ikiisha.
* Programu ipakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji na isasishwe.

Jambo la mwisho lina mifano yake. Mwaka 2019 iligunduliwa kasoro ya RDP iliyoitwa BlueKeep, na Microsoft ikatoa marekebisho hata kwa Windows XP iliyokwisha kuachwa. Mwezi Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba seva zake zilikuwa zimeingiliwa, ikabadilisha vyeti vya programu yake na kuwataka watumiaji waweke toleo jipya.

Kwenye ofisi, shule na zahanati kuna suala la taarifa za watu wengine. Kompyuta yenye rekodi za wagonjwa au alama za wanafunzi ikifunguliwa kwa mbali, msaidizi huziona. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mafaili ya aina hiyo hufungwa kabla ya msaada kuanza, na taasisi huweka kumbukumbu ya nani aliingia, lini na kwa kazi gani.

== Tazama pia ==

* Intaneti
* Kompyuta
* Programu huria
* Satelaiti
* Usalama wa mtandao